Barafu ya Greenland na mzigo wa Mutukula

IKO sehemu moja duniani ambako mgeni haulizwi viza, awe Mganda, Mrundi, Mkongo au Mjapani. Ni visiwa vya Svalbard, kaskazini kabisa mwa Norwe, karibu na ncha ya dunia. Kwa mkataba uliosainiwa Paris mwaka 1920, visiwa hivyo viko chini ya Norwe, lakini raia wa nchi zilizotia saini wana haki sawa ya kuingia na kufanya biashara, na Norwe yenyewe haimdai mtu yeyote kibali cha kuishi huko ilimradi aweze kujitegemea. Msomaji wetu wa Rusumo au Kasumbalesa akisikia hivyo atatabasamu. Kisha atauliza swali ambalo mtu wa mpakani huuliza siku zote: na njia ya kufika huko inapita wapi?

Inapita Norwe bara. Ndege za abiria za kwenda Svalbard huondokea huko, na Norwe bara inataka viza ya Schengen, tena ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa kuwa ukienda visiwani umeshatoka nje ya eneo la Schengen na kurudi ni kuingia upya. Nyumba iko wazi, uchochoro una geti. Hali hiyo wafanyabiashara wa ukanda huu wanaijua kuliko mwanadiplomasia yeyote.

Tumeanza na kisa hicho kwa sababu katika mji wa Longyearbyen, ulio mkubwa kuliko yote visiwani humo, kuna chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1993 kwa ajili ya kufundisha mambo ya nchi za barafu. Kiko nyuzi 78 kaskazini mwa ikweta. Wanafunzi wake hutoka Norwe na nchi nyingine nyingi, na kabla ya kupelekwa nje kufanya vipimo hufundishwa kwanza kujikinga na dubu wa barafu, ikiwemo kushika bunduki. Baada ya hapo ndipo huingia kwenye kazi yenyewe: kupima unene wa barafu, joto la bahari, mwendo wa upepo, na kasi ambayo mambo hayo yanabadilika.

Mwuza mitumba wa Busia ana haki ya kuuliza: mimi na dubu wa barafu wapi na wapi?

Tumjibu kwa kuanzia kwenye mzigo wake. Robota lake la mitumba limeshuka Mombasa. Sukari, mafuta ya kula, mabati, vipuri vya pikipiki na simu zinazouzwa Mutukula, Malaba, Gisenyi na Bukavu, sehemu kubwa imepita Mombasa au Dar es Salaam. Kahawa, chai na madini yanayotoka bara hupita njia hiyo hiyo kwenda nje. Mafuta ghafi ya Hoima nayo bomba lake limeelekezwa Chongoleani, Tanga. Kwa hiyo Mganda, Mnyarwanda na Mrundi, ambao nchi zao hazina hata hatua moja ya pwani, wanaishi kwa gati zilizojengwa kwenye ukingo wa maji ya chumvi. Gati, maghala, yadi za kontena na reli za bandarini zilijengwa kwa kuangalia maji ya bamvua yanafika wapi. Kipimo hicho kinahama.

Kinahama kwa sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni kwamba maji yakipata joto hutanuka. Jopo la kimataifa la wataalamu wa tabianchi lilikadiria kuwa kutanuka huko kulichangia nusu ya kupanda kwa bahari kati ya mwaka 1971 na 2018. Sababu ya pili ni barafu iliyokaa juu ya nchi kavu: ya milimani, ya Greenland na ya Antaktika. Hapa tutofautishe, maana watu wengi huchanganya. Barafu inayoelea baharini ikiyeyuka haipandishi maji kwa kiasi cha maana, kama vile kipande cha barafu ndani ya glasi ya juisi kisivyoifanya ifurike kinapoyeyuka. Inayopandisha bahari ni ile iliyokuwa nchi kavu ikashuka majini.

Na barafu ya Greenland ina jambo la ajabu ambalo kila mfanyabiashara wa ukanda huu angepaswa kulisikia angalau mara moja. Ni mlima mzito mno. Pahala pengine unene wake unazidi kilomita 3. Uzito huo huyavuta maji ya bahari kuelekea kwake, kwa kani ile ile ambayo mwezi hutumia kutuletea bamvua na maji mafu. Barafu ikipungua, mvuto nao hupungua, na maji yaliyokuwa yamejikusanya kule kaskazini hulegea na kusambaa. Matokeo yake ni kwamba karibu na Greenland bahari hushuka, wakati pwani za mbali, hasa za nchi za joto, hupata zaidi kidogo ya wastani wa dunia. Mvuvi wa Greenland anaweza kuona maji yamerudi nyuma, na mwenye ghala Tanga akaona yamesogea mbele, chanzo kikiwa kimoja.

Tangu mwaka 2002 setilaiti pacha za Marekani na Ujerumani zimekuwa zikipima upungufu huo kutoka angani kwa kuangalia jinsi mvuto wa dunia unavyobadilika. Greenland imekuwa ikipoteza kwa wastani tani bilioni 270 hivi za barafu kila mwaka. Inahitajika takriban tani bilioni 360 kuinua bahari zote za dunia kwa milimita 1. Kwa hesabu hiyo Greenland peke yake huongeza chini ya milimita 1 kwa mwaka, na tunajua msomaji atacheka. Milimita moja! Unene wa kucha. Lakini anayeuza kwa faida ndogo ndogo ndiye anayeelewa kuliko wote jinsi kidogo kidogo kinavyogeuka kuwa mtaji au deni. Kati ya mwaka 1901 na 2018 bahari ilipanda kwa wastani wa sentimita 20 duniani. Kati ya 2006 na 2018 mwendo ulikuwa milimita 3.7 kwa mwaka, ambao ni mkubwa kuliko wa sehemu yoyote ya karne iliyopita. Makadirio ya jopo lile hadi mwaka 2100 yanaanzia sentimita 28 kama dunia itapunguza moshi wake haraka, na kufika mita 1 ikiwa haitapunguza kabisa.

Kwenye pwani yetu, ambako siku za bamvua maji hupanda na kupwa kwa mita 3 hadi 4, sentimita 20 zinaweza kuonekana si kitu. Maji yakiwa yamepwa, kweli si kitu. Hasara huja siku yale maji makubwa ya bamvua yanapokutana na upepo mkali na mvua ya masika, kwa kuwa siku hiyo kila sentimita hukaa juu ya kilele. Wakazi wa Vanga, mji mdogo wa Kwale ulio jirani na mpaka wa Tanzania, wanajua maji ya bahari kuingia mitaani. Wakulima wa Kisiwa Panza, Pemba, wameona maji ya chumvi yakiingia kwenye mashamba ya mpunga. Dar es Salaam ililazimika kujenga upya ukuta wa bahari kwenye barabara ambayo sasa inaitwa Barack Obama, kazi iliyokamilika mwaka 2018.

Hata hivyo si kila ukuta unaoanguka ni kosa la Greenland, na hapa ndipo hoja yetu ya mafunzo inapoanzia. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilikuwa na miti na kasa walikuja kutaga mayai; tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 maji yakijaa hukifunika chote. Sababu inayotajwa zaidi ni kukatwa kwa mivinje iliyoshika mchanga wake. Vivyo hivyo wasomaji wetu wa Gatumba, Uvira na Port Bell walioona maji yakiingia madukani miaka ya karibuni hawakuingiliwa na bahari. Ziwa Tanganyika limefurika kwa mvua na mito, na Ziwa Victoria lilipofika mwezi Mei 2020 kwenye kina ambacho hakikuonekana tangu miaka ya 1960, mvua ndiyo iliyolijaza. Ugonjwa ukikosewa, dawa nayo hukosewa. Ukijenga ukuta wa mabilioni mahali ambapo tatizo lilikuwa ni kukata mikoko, umenunua hasara mara mbili.

Sasa nani anatuambia lipi ni lipi? Ni watu wachache wenye kipimo. Katika bandari za Mombasa, Lamu na Zanzibar vipo vipima-maji vilivyomo katika mtandao wa dunia wa kuangalia kina cha bahari, ulioanzishwa mwaka 1985 chini ya UNESCO. Takwimu zake hupelekwa Liverpool, Uingereza, kwenye kituo ambacho tangu mwaka 1933 kimekuwa kikihifadhi kumbukumbu za kina cha bahari kutoka bandari zaidi ya 2,000. Kumbukumbu za Zanzibar zinaanzia 1984 na ni miongoni mwa ndefu zinazotegemewa upande huu wa Afrika. Za Mombasa ni za zamani zaidi lakini zina mapengo.

Pengo katika kumbukumbu kama hizo mfanyabiashara atalielewa kwa mfano wa mizani. Mizani isiyokaguliwa ikapigwa muhuri inaweza kusoma kilo 50 kila siku na wewe ukaamini, kumbe jiwe lake limeliwa. Kipima-maji nacho hupima bahari kulingana na nguzo aliyofungiwa, na nguzo hiyo imesimama juu ya ardhi. Gati ikizama sentimita 2 kwa uzito wa kontena, kipimo kitasema bahari imepanda sentimita 2. Kwa hiyo lazima mtu aliyefundishwa apime mara kwa mara kipimo chenyewe dhidi ya alama zilizochimbiwa kwenye mwamba, aangalie setilaiti zinasema nini, asafishe bomba lililoziba kwa kombe, na atunze daftari. Mtu huyo akistaafu bila mrithi, mashine inabaki imefungwa ukutani na namba zinaendelea kutoka, lakini hakuna anayejua kama ni za kweli. Ikumbukwe kwamba ni vipima-maji hivi hivi vinavyotumika kutoa tahadhari ya mawimbi makubwa kama yale ya tarehe 26 Desemba 2004, yaliyoanzia Indonesia na kuua watu hadi Somalia, Kenya na Tanzania.

Mafunzo ya kazi hiyo yapo. UNESCO imekuwa ikiendesha kozi za upimaji wa bahari kwa miongo kadhaa, nyingi zikihusisha wataalamu wa Liverpool. Chuo Kikuu cha Utrecht huwakusanya vijana wanaosomea barafu katika kijiji cha Karthaus, milimani Italia, ambako hufundishwa hesabu za jinsi barafu inavyotembea na kuyeyuka. Upo umoja wa wanasayansi chipukizi wa nchi za barafu ambao uanachama wake ni bure na masomo yake mengi hutolewa kwa mtandao. Na hapa kwetu, Mombasa, taasisi ya utafiti wa bahari ya Kenya ni moja ya vituo vya kanda vya mafunzo ya takwimu za bahari vilivyo chini ya mpango wa UNESCO wenye makao yake Ostend, Ubelgiji.

Mikutano nayo haikosekani. Karibu kila Oktoba tangu mwaka 2013 watu wengi hukusanyika Reykjavik, Iceland, kuzungumzia Aktiki: mawaziri, wanasayansi, wenye meli, wenye benki. Mkutano mkubwa wa dunia kuhusu kina cha bahari ulifanyika Paris mwaka 2006, New York mwaka 2017, kisha Singapore mwaka 2022.

Singapore tuiangalie vizuri. Ni mji wa bandari uliojengwa kwa biashara ya kupitisha mizigo ya wengine, uko karibu na ikweta kama sisi, na barafu yake ni ile ya kwenye friji. Lakini tangu mwaka 2013 Singapore ni mwangalizi katika Baraza la Aktiki, pamoja na India, China, Japani na Korea Kusini. Mwaka 2019 waziri mkuu wake wa wakati huo aliwaambia wananchi kuwa kulinda pwani yao kunaweza kugharimu dola bilioni 100 za nchi hiyo au zaidi katika miaka 50 hadi 100 ijayo. India, tunayechangia naye bahari moja na pepo zile zile za kusi na kaskazi, ina kituo chake cha utafiti Svalbard tangu mwaka 2008, kwa kuwa inataka kujua kama joto la Aktiki linavuruga mvua za wakulima wake. Na Uswisi, isiyo na pwani kama Uganda, Rwanda na Burundi, iliingia uangalizi mwaka 2017. Katika orodha yote ya nchi waangalizi hakuna hata moja ya Afrika.

Tunajua yanayosemwa mitaani kuhusu mikutano. Afisa anapanda ndege, anakaa siku tano hotelini, anarudi na begi lenye nembo na kalamu mbili, na ripoti yake haionekani. Malalamiko hayo yana haki, na gazeti hili limeyaandika mara nyingi. Safari ya posho ni safari ya posho hata ikiwa kwenye baridi kali. Lakini dawa yake ni kubadilisha nani anakwenda na anarudi na nini. Anayestahili kwenda Karthaus au Longyearbyen ni fundi wa kipima-maji, mhandisi kijana wa mamlaka ya bandari, mwanafunzi wa fizikia wa Makerere, Butare au Bujumbura. Na sharti la kwenda liwe moja: akirudi, ndani ya miezi mitatu asimame Mombasa, Dar es Salaam na angalau kwenye kituo kimoja cha mpakani, aeleze kwa Kiswahili alichojifunza, mbele ya mawakala wa forodha, madereva wa malori na wafanyabiashara, nao wamhoji. Cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kwa mzigo usiozidi dola 2,000 kilianza kueleweka pale watu walipokaa mpakani na kukieleza kwa lugha ya sokoni. Sayansi ya bahari si ngumu kuliko fomu za forodha.

Wapo pia wanaosema barafu ikipungua ni neema, meli zitapita kaskazini na bei ya bidhaa itashuka. Njia hiyo inaunganisha Asia ya mashariki na Ulaya. Gari la mtumba kutoka Japani na vitenge vya Guangzhou haviji kwetu kwa kuzunguka Urusi. Tusidanganyike.

Kuhusu fedha, tuseme wazi ili tusieleweke vibaya: hatuombi tozo mpya. Mwenye kontena ameshalipa ushuru wa gati, gharama za kuhifadhi mzigo, na faini akichelewa, na mamlaka za bandari zimeshakusanya. Kumsomesha mpima bahari mmoja ni kitu kidogo mbele ya gharama ya kuinua gati moja iliyojengwa chini ya kiwango. Tunachodai ni kwamba kila bandari inayopanuliwa sasa, iwe Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Lamu, itangaze hadharani imekadiria bahari itapanda kiasi gani katika maisha ya gati hiyo, na imepata namba hiyo wapi. Jumuiya za wafanyabiashara za Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Congo zina haki ya kuuliza swali hilo, kwa sababu gharama za ujenzi wa pili zitalipwa na wateja, na wateja ni wao.

Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, linaweza kuanza kwa kutenga nafasi chache za masomo bila kujali mwanafunzi anatoka nchi yenye pwani au isiyo nayo. Chama cha wanasayansi wa bahari wa magharibi mwa Bahari ya Hindi, chenye ofisi Zanzibar, huandaa kongamano takriban kila baada ya miaka miwili. Siku moja ya kongamano hilo ifunguliwe kwa wenye majahazi, mawakala wa mizigo na wafanyabiashara wa mipakani, kwa Kiswahili, bila kiingilio. Na wanaofanya mikutano huko kaskazini waambiwe na mabalozi wetu, kwa maneno ya wazi, kwamba barua ya mwaliko inayomfikia kijana wa Bukoba wiki sita kabla ya mkutano haina thamani, kwa kuwa miadi ya ubalozini peke yake inaweza kumaliza muda huo.

Wanasayansi wa nchi za barafu wameshaanza kujiandaa kwa Mwaka wa Kimataifa wa Ncha za Dunia wa 2032 na 2033, utakaokuwa wa tano tangu ule wa kwanza wa 1882. Mipango ya utafiti inaandikwa sasa, na majina ya watakaoshiriki yanakusanywa sasa. Kijana aliye kidato cha pili Kagera, Masaka au Goma atakuwa na shahada mkononi kufikia wakati huo. Mawaziri wa elimu, uchukuzi na mambo ya nje wa jumuiya yetu wanapokutana tena Arusha, waweke jambo hili kwenye ajenda, na waanze na viza.